Nondo Anayeruka Saa Nne Asubuhi

Swali la leo limeletwa na mwalimu wa Sayansi wa shule moja ya msingi wilayani Temeke. Ameandika hivi:

"Shikamoo Mzee. Mwezi uliopita tuliwapeleka wanafunzi wa klabu ya mazingira Amani, kule Usambara Mashariki. Saa nne asubuhi, jua limeshachomoza vizuri, tukawakuta njiani wadudu wenye mabawa meusi yanayong'aa kijani na dhahabu, wenye vimkia nyuma, wakizunguka maua. Nikawaambia watoto kwamba hao ni vipepeo. Kijana aliyekuwa akituongoza akasema kwa upole kwamba ni nondo. Mimi nilivyosoma, na nilivyofundisha miaka yote, kipepeo huruka mchana na nondo huruka usiku. Kipepeo ana rangi za kupendeza na nondo ana rangi ya vumbi. Tuliporudi nikatoa jaribio, na binti mmoja wa Darasa la Sita akaandika kwamba wale walikuwa nondo. Nikamkosesha alama mbili. Sasa mzazi wake amekuja shuleni. Naomba unisaidie: nani yuko sahihi, na kwa sababu gani hasa? Pia kuna mvulana aliyemshika mdudu mmoja akabaki na unga mweusi vidoleni; je, ana sumu? Nimeambatisha picha."

Marahaba, Mwalimu. Nianze na lile ambalo mzazi analisubiri: kijana wa Amani alisema kweli. Picha yako imetikisika kidogo, lakini inatosha kumtambua mdudu mwenyewe. Huyo ni nondo wa spishi ya Chrysiridia croesus, wa familia ya Uraniidae, ambaye makazi yake ni misitu ya Afrika Mashariki, Zanzibar ikiwamo. Mimi darasani nimezoea kumwita nondo-machweo, kwa kuwa bawa lake la nyuma linafanana na mbingu ya magharibi jua linapozama upande wa Kisarawe baada ya mvua.

Kabla ya kuendelea, neno lenyewe linastahili dakika moja. Hapa Dar es Salaam ukitamka "nondo" watu wengi hufikiria kwanza chuma cha milimita kumi na mbili kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na vijana hufikiria mtu anayeshusha hoja nzito. Mdudu anakuja wa tatu, na akija huja na sifa mbaya: ndiye mtoboaji wa nguo sandukuni, ndiye yule wa kijivu anayejigonga kwenye taa ya barazani. Kipepeo, kwa upande wake, amebeba jina la kitendo chake, kupepea, na sifa zote njema zimekwenda kwake. Nadhani nusu ya shida uliyoipata Amani ilianzia katika maneno haya mawili, kwa sababu lugha ilikwisha kukuamulia kwamba kitu kizuri hakiwezi kuitwa nondo.

Sasa mtazame huyu kwa karibu. Akikunjua mabawa, upana wake huwa sentimita saba hadi tisa, yaani anakaribia kufunika kiganja cha mtoto. Bawa la mbele ni jeusi, limepitiwa na mistari myembamba ya kijani kinachong'aa, kana kwamba mtu ameichora kwa kalamu yenye ncha kali, pamoja na mkanda mpana zaidi wa rangi hiyohiyo. Bawa la nyuma ndilo lenye fahari: kijani kinaingia katika dhahabu, dhahabu inaingia katika wekundu wa shaba kadiri unavyokaribia tumbo, na juu ya shaba hiyo yametawanyika madoa meusi. Ukingo wa bawa hilo umechongwa kuwa vimkia kadhaa vyenye nyuzinyuzi nyeupe pembeni. Vimkia hivyo ni dhaifu na hukatika kwa urahisi, kwa hiyo ukimwona mwenye ukingo uliochakaa usidhani ni spishi nyingine; ameishi tu, amepita katika vichaka, na pengine ndege amemkosa kidogo.

Katika rangi hizo zote, weusi peke yake ndio rangi kwa maana ya kawaida ya neno hili. Kijani, dhahabu na shaba havimo ndani ya bawa kama rangi inavyokuwamo ndani ya kitenge. Bawa la mdudu huyu, kama la vipepeo na nondo wote, limeezekwa kwa magamba madogo sana yaliyopangwa safu kwa safu mithili ya vigae vya paa. Kila gamba linalong'aa lina tabaka nyembamba mno za dutu ngumu, na kati ya tabaka moja na nyingine kuna upenyo wa hewa. Mwanga ukipiga hapo, sehemu yake hurudishwa na tabaka la juu na sehemu nyingine na tabaka za chini. Mawimbi yanayorudi hukutana, baadhi yakiimarishana na mengine yakifutana, na yale yaliyoimarishana ndiyo rangi unayoiona. Mwalimu, mfano wake unao kila masika: dizeli iliyomwagika juu ya dimbwi la kituo cha daladala huonyesha kijani, buluu na zambarau ingawa dizeli haina hata moja ya rangi hizo. Povu la sabuni ni hivyo hivyo. Wataalamu waliochunguza ndugu wa nondo huyu anayeishi Madagaska wamegundua jambo la ziada, kwamba magamba yake yamepinda, na mwanga unaotoka kwenye gamba moja huweza kumgonga jirani kabla ya kurudi kwenye jicho, hivyo rangi za magamba mawili huchanganyika na kutoa rangi ya tatu.

Niliwahi kudondosha tone la spiriti juu ya bawa la nondo mkavu wa jenasi hii, yaani kundi dogo la spishi zinazokaribiana. Pale spiriti ilipoenea, ikajaza zile penyo za hewa, na kijani kikapotea machoni mwangu kana kwamba nimekifuta kwa kitambaa. Nikasubiri. Spiriti ilipokauka, kijani kikarudi kilekile. Rangi ya kutiwa isingefanya hivyo. Na kwa sababu ni umbo la gamba linaloleta rangi, mdudu aliyehifadhiwa vizuri kwenye sanduku kwa zaidi ya miaka mia moja huweza kung'aa karibu kama alivyong'aa siku alipokamatwa, ilhali wengine walio pembeni yake wamepauka kama shati la sare mwishoni mwa muhula.

Unga uliobaki kwenye vidole vya mvulana wako, basi, ni magamba. Mengi yake ni meusi, na akiutazama juani kwa lenzi atakuta chembe chache zinazometameta.

Nije sasa kwenye swali lenyewe la uainishaji, ambalo kwa maoni yangu vitabu vya shule hulipita haraka mno. Vipepeo na nondo wote kwa pamoja ni oda moja, yaani kundi kubwa lenye familia nyingi ndani yake, Lepidoptera, jina lenye maana ya mabawa ya magamba. Kati ya spishi zaidi ya 150,000 za oda hiyo ambazo zimekwisha kupewa majina, vipepeo ni kama 18,000 tu. Hao 18,000 ni tawi moja: wametokana na babu mmoja, na tawi lao, ambalo wataalamu huliita Papilionoidea, limechipuka katikati ya mti, limezungukwa na matawi mengine ya nondo. Wote waliosalia, ambao hawamo katika tawi hilo, sisi tunawaita nondo. Kwa hiyo kipepeo ni jina la ukoo, lakini nondo ni jina la waliobaki. Ni kama mtu angeutaja mtaa mmoja wa jiji hili, Kariakoo, halafu mitaa mingine yote, kuanzia Bunju hadi Chanika hadi Mbagala, akaiita kwa pamoja "Si-Kariakoo", kisha akawataka watoto waorodheshe tabia tatu za watu wa Si-Kariakoo. Watoto wangejitahidi, maskini, na wangepata alama, lakini orodha yao isingekuwa na maana, kwa sababu mkazi wa Bunju na mkazi wa Mbagala hawakuwekwa pamoja na kitu chochote isipokuwa kwamba wote wawili hawakai Kariakoo.

Ndiyo maana zile tofauti za kitabuni huvunjika mara tu mtu anapotoka nje. Chukua hiyo ya usiku na mchana. Hapa hapa jijini, kwenye bustani yoyote yenye maua, utamwona mchana kweupe nondo mwenye mabawa mangavu kama kioo na mwili mnene wa kijani, akielea mbele ya ua bila kutua. Jina lake ni Cephonodes hylas, na watu humdhania nyuki mkubwa au hata ndege mdogo. Utamwona pia Euchromia amoena, mwenye pete za rangi ya moto mwilini, anayejifananisha na nyigu, naye ni nondo wa mchana. Upande wa pili yuko Melanitis leda, mwenye rangi ya majani makavu, anayetoka magharibi ikiingia na wakati mwingine hufuata taa hadi ndani ya nyumba. Huyo ni kipepeo halisi. Mpe mwanafunzi wako yule kanuni ya usiku na mchana, na ya rangi nzuri na rangi ya vumbi, atawakosea wote watatu.

Kanuni ya vipapasio, zile nyuzi mbili za kichwani, ni bora kidogo. Vipepeo wengi mno wana vipapasio vyembamba vinavyoishia kwa kirungu, mithili ya njiti ya kiberiti, na nondo wengi hawana kirungu hicho. Nondo-machweo wako hana: vipapasio vyake vinakwenda vikichongoka. Kama ungeniuliza ni kitu gani kimoja ambacho mtoto wa Darasa la Sita anaweza kukitazama bila chombo chochote, ningemwambia atazame hapo. Hata hivyo nayo ina mipaka. Wapo nondo wenye vipapasio vilivyonenepa mwishoni, na wapo vipepeo wasio na kirungu kabisa. Kanuni ya namna ya kutua, mabawa juu au mabawa chini, sitaipotezea muda. Inavunjwa kila siku na pande zote mbili.

Wale vipepeo wasio na kirungu niliowataja ni wa familia ya Hedylidae, ya maeneo ya joto ya Amerika. Ni wadogo, wana rangi ya kahawia, wengi wao huruka usiku, na vipapasio vyao ni kama uzi. Mtu yeyote mwenye akili timamu angewaita nondo, na kwa muda mrefu wataalamu waliwaweka katika familia ya nondo iitwayo Geometridae. Mwaka 1986 Malcolm Scoble alichunguza upya miili yao katika hatua zote, tangu yai hadi mdudu mzima, akapendekeza kwamba mahali pao ni pamoja na vipepeo. Uchunguzi wa vinasaba uliofanyika baadaye umewaweka ndani kabisa ya tawi la vipepeo. Ninawaleta hapa kwa sababu wao ni kinyume kamili cha mdudu wa Amani: huku kuna kipepeo aliyevaa mavazi ya nondo, kule kuna nondo aliyevaa mavazi ya kipepeo, na katika kesi zote mbili aliyetazama mavazi alikosea.

Basi kama si mavazi, ni kitu gani kinachomfunga nondo-machweo kwenye ukoo wake? Kiko tumboni. Familia ya Uraniidae ina masikio, nayo yako mwanzoni mwa tumbo. Kuwa na masikio peke yake si ajabu, kwa sababu masikio yamezuka mara nyingi na kwa njia tofauti katika oda hii. Hata wale Hedylidae wanayo, ila ya kwao yako kwenye mabawa. Kinachohesabika ni mahali yalipo na namna yalivyojengwa. Katika Uraniidae kuna kioja ambacho sijawahi kuchoka kukisimulia: sikio la jike na sikio la dume haviko mahali pamoja. La jike liko kwenye shina la tumbo, upande wa chini. La dume liko ubavuni, pingili ya pili inapokutana na ya tatu. Hakuna familia nyingine ya nondo yenye mpangilio huo. Ukimkuta mmoja ameanguka njiani amekufa, mgeuze, mtazame kwa lenzi nzuri, na unaweza kujua familia na jinsia kwa pamoja.

Masikio ya nondo kwa ujumla ni silaha dhidi ya popo, ambao huwinda gizani kwa sauti kali zisizosikika na sisi. Mdudu anayezunguka maua saa nne asubuhi ana kazi gani kubwa na popo? Hapo ndipo asili yake inapojitokeza. Uraniidae ni familia ya spishi 700 hivi, na wengi wao ni wa usiku. Hata katika familia ndogo ya Uraniinae, alimo nondo-machweo, wamo ndugu kama wa jenasi Lyssa wa Asia ya Kusini-Mashariki, wakubwa, wa kahawia, wenye mikia, ambao huruka usiku na kufuata taa kama nondo yeyote wa barazani kwako. Ukoo ni wa usiku. Tawi hili limehamia mchana, na limehama na masikio yake.

Familia hiyo imo katika kundi kubwa zaidi liitwalo Geometroidea, pamoja na Geometridae, wale ambao viwavi wao hutembea kwa kujikunja na kujinyoosha kama mtu apimaye kitambaa kwa shubiri. Kiwavi wa Uraniidae hatembei hivyo, kwa sababu ana miguu yake yote ya tumboni. Jenasi Chrysiridia yenyewe ina spishi mbili tu: croesus wa kwetu, na rhipheus ambaye haishi popote duniani isipokuwa Madagaska. Kuwatofautisha kwa macho kunahitaji mazoea, maana yule wa Madagaska ni mwenye wekundu na zambarau zaidi na mikia iliyokolea. Lakini kwa safari ya shule inatosha kukumbuka kwamba mlikuwa Muheza, wilaya iliko Amani, si Antananarivo.

Kinachowaunganisha ndugu hawa wa mchana hata kuliko rangi ni chakula cha viwavi. Rhipheus hula majani ya mimea ya jenasi Omphalea, ambayo Madagaska ina spishi nne. Wa kwetu hula Omphalea mansfeldiana ya misitu ya Afrika Mashariki. Nondo wa jenasi Urania wa Amerika, weusi wenye mistari ya kijani, nao hula Omphalea ya huko. Wale wa jenasi Alcides, kuanzia New Guinea hadi kaskazini mwa Australia, wanaitumia pia, pamoja na mmea mwingine wa karibu. Bahari tatu zimewatenganisha, lakini jiko ni lilelile. Mimi nikimwona mdudu mzuri ambaye simjui, swali langu la kwanza huwa mtoto wake anakula nini, na mara nyingi jibu hunifikisha kwenye ukoo haraka kuliko kutazama mabawa.

Omphalea ni wa familia ya Euphorbiaceae, ambamo wamo pia muhogo, mbarika na mbono, na kama wakulima wetu wanavyojua, familia hiyo haikosi sumu. Ya Omphalea ni aina ya alkaloidi, yaani kemikali za mimea, ambazo umbo lake linafanana na sukari, kiasi kwamba huzuia vimeng'enya vya mwili vinavyoshughulika na sukari halisi. Kiwavi huzila, huzihifadhi mwilini, na hubaki nazo hata anapokuwa nondo mzima. Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho ni kwamba ndiyo, ndugu hawa wana sumu, lakini ni sumu ya kumwadhibu anayemla. Mvulana aliyemshika hakupata dhara. Anawe mikono kwa sabuni, akale. Zile rangi zilizowavutia watoto wako ndizo tangazo la sumu hiyo, maana ndege aliyeonja mmoja akatapika humkumbuka kwa mng'ao wake. Na tangazo likishafahamika, hutokea wa kuliiga. Kule New Guinea kuna kipepeo halisi, Papilio laglaizei, anayejifananisha na nondo wa jenasi Alcides. Hapo, Mwalimu, kipepeo ndiye anayemwiga nondo ili aonekane wa maana, jambo ambalo lingewashangaza sana waliotupa maneno yetu mawili.

Kama litakufariji, kosa lako lina historia ndefu na yenye heshima. Mwaka 1773 Mwingereza Dru Drury, mfua fedha wa London aliyekuwa na shauku kubwa ya kukusanya wadudu, alimwandika yule wa Madagaska kuwa kipepeo, tena akamweka katika jenasi Papilio na kumpa jina Papilio rhipheus. Alifuata umbo, mikia na mng'ao. Na kwa mtu ambaye kazi yake ni vito, nani angemlaumu? Jenasi Chrysiridia ilitajwa na Jacob Hübner mwaka 1823. Wa kwetu alisubiri hadi mwaka 1871, alipoelezwa na Mjerumani Gerstaecker, mtaalamu aliyeshughulikia wadudu waliotokana na safari za Karl Klaus von der Decken katika Afrika Mashariki. Mwenye safari mwenyewe alikuwa amekwisha kuuawa kando ya Mto Juba mwaka 1865. Jina croesus ni la yule mfalme wa kale wa Lydia aliyesifika kwa utajiri wa dhahabu. Nadhani Gerstaecker alikuwa analitazama bawa la nyuma alipolichagua.

Sasa tuingie darasani. Ushauri wangu ni kwamba usiwaondolee watoto ile orodha ya tofauti, kwa kuwa watakutana nayo kwenye mtihani, lakini ibadilishe lugha. Badala ya "nondo huruka usiku", andika "nondo wengi huruka usiku". Neno "wengi" ni dogo, lakini ndilo linalomwacha mtoto na nafasi ya kushangaa siku atakapokutana na Cephonodes kwenye maua ya shule. Kisha chora ubaoni mti mmoja wenye matawi kumi, kata tawi moja kwa chaki ya rangi na uliite vipepeo, matawi tisa yaliyobaki yaite nondo, na uwaulize watoto kama matawi tisa hayo yana lazima gani ya kufanana. Nimefanya zoezi hilo mara nyingi, na huwa hakuna haja ya kueleza zaidi. Ukitaka mdudu halisi wa kuwaonyesha, usiagize wa kutoka Amani. Ile ni hifadhi na huwezi kuchukua kitu bila kibali. Washa taa nyeupe nyuma ya shuka ukutani saa mbili usiku wakati wa mvua za vuli, na Temeke itakuletea nondo wa kutosha wiki nzima, pamoja na Melanitis mmoja au wawili wa kuharibu kanuni.

Kuhusu binti wa alama mbili: umeniambia kwenye picha ya pili uliyotuma, ile ya karatasi yake, kwamba jibu lake lilikuwa "nondo", na mbele ya neno "kwa sababu" ameandika "yule kaka wa Amani amesema". Jibu ni sahihi, kwa hiyo mrudishie alama moja leo hii, mbele ya mzazi. Ile ya pili mwambie iko kwenye tumbo la nondo, pingili ya pili, na mwazime lenzi.